Mama Huonja Kwanza

Uvumi ule Somoe aliupata kwenye foleni ya maji, chini ya nyavu za umande, na tangu siku hiyo ukamganda kama kupe.

Uwanda wa Newala ulikuwa umeacha zamani kuingojea mvua. Nyavu ndefu zilisimama ukingoni mwa mteremko, zikikamua ukungu wa asubuhi na kuuteremsha matangini. Wanawake walipanga ndoo zao, na ndoo zikipangwa, midomo hailali.

"Mama Hadia," Esha Chilumba akamwambia, "nasikia mwanao kaandikiwa nyuki."

"Kaandikiwa. Kiwandani kwao wamempiga picha ya kifua, wameona kivuli pafuni. Zahanati inataka kipande wakisome."

Esha akatazama huku na huku, kisha akasogea mpaka ndoo zao zikagongana. "Shoga, mimi simo. Lakini yule mjukuu wa Bi Ajaba wa bondeni, si alikwenda kwa miguu yake? Nyuki akamwuma, haukupita muda karudi kwa machela. Kansa imelala zake, wewe unaipelekea mdudu wa chuma aing'ate. Wewe ukiumwa usingizini utaacha kuamka?"

"Daktari anasema haiamki."

"Daktari ndiye aliyemzaa Hadia?"

Waliokuwa nyuma wakacheka. Somoe naye akacheka, cheko la mdomoni tu. Alipojitwika ndoo na kushika njia, maneno yale yalikuwa yameshamtangulia nyumbani.

*

Nyuki aliletwa na ndege ya zahanati, ndege yenyewe haizidi kunguru. Ilitua uani, ikaacha kasha, ikaondoka bila kuzima mlio wake. Ndani ya kasha mlikuwa na dawa ya usingizi, kifuniko cha pua, na kichupa ambamo nyuki alilala. Alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi.

Hadia alikuwa ameshaelezwa kiwandani kazi ya nyuki, naye akamweleza mama yake huku akijilaza mkekani. Nyuki huvutwa kwa pumzi. Akishuka kifuani hafuati ramani, hunusa. Huzitafuta seli zilizokosea, akizipata hung'ata kipande kama chembe ya chumvi, kisha mtu hukohoa naye hurudi kichupani na mzigo wake. Taa ya kifuniko huwaka kijani. Nyuki mmoja huuma mara moja tu, kama wale wa asali.

"Mama, usiniache nikorome mdomo wazi," Hadia akasema. "Majirani wataomba wahamishwe."

"Kunywa dawa yako, mwanamke wewe."

Alikunywa, akacheka kidogo, akalala. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, lakini usingizi ulimrudisha utotoni: kidole gumba ndani ya ngumi, vile vile.

Somoe alikaa na kichupa mkononi. Kwao, tangu kwa bibi mzaa bibi, dawa haimfikii mtoto kabla mama hajaionja. Ikiwa chungu, mama ajue uchungu wake. Ikiwa sumu, imkute yeye. Alionja mitishamba ya surua, alionja vidonge vya malaria, hata dawa ya matone ya macho aliidondosha jichoni mwake kwanza. Je, hii ndiyo aiache, hii inayosemwa vile?

Akajiambia atavuta kidogo tu. Ajue kama inawasha.

Akakiunga kichupa na kifuniko, akajiwekea puani, akavuta. Hapakuwa na kuwasha. Kitu kama ubaridi wa nanaa kilishuka kooni, kikateremka kifuani, kikapotea. Alipokiondoa kifuniko na kutazama kichupa, kilikuwa kitupu.

Alitaka kusimama, hakujua asimame aende wapi. Mara kikohozi kikamjia kutoka chini kabisa, kikamkunja, akakiwahi kwa kile kifuniko. Taa ikawaka kijani, kichupa kikajifunga chenyewe.

Pale pale angeweza kuita zahanati, aseme, "Nimekosea, nileteeni mwingine." Maneno hayakuwa mazito. Lakini alimtazama binti yake amelala salama, hajang'atwa na chochote, na sauti ya Esha ikampita masikioni. Akawaza: kifua changu mimi kina nini? Wataona seli nzima, watasema mtoto hana kitu, na kivuli kitaondoka chenyewe kama ilivyoondoka surua.

Alikiweka kichupa juu ya kasha. Ndege ikaja, ikakichukua.

Hadia akafumbua macho. "Tayari?"

"Tayari, mwanangu," Somoe akasema, akachukua kitambaa na kumfuta mdomo.

*

Wiki iliyofuata waliitwa zahanati. Daktari Mtipa alikuwa mwanamke wa makamo, Mmakua mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipokuwa na la kusema. Walipoingia aliivua.

"Hadia, kipande chako kimesomwa. Ni kansa."

Somoe alisikia neno lile likigonga kwenye mbavu zake yeye. Hadia aliukamata mkono wa mama yake.

"Sasa nisikilizeni, maana kansa si jina la mtu mmoja," daktari akaendelea, akawasha ukuta. Ukuta ukajaa seli, zimejipanga kama matofali ya tanuri. "Hizi ni za pafu zima. Seli huzaliwa haijui kitu. Inakua, inafundwa kazi. Hii inafagia vumbi, ile inatoa ute, nyingine zinapitisha hewa. Iliyofundwa ikajua kazi yake tunasema imekomaa. Ikigeuka kansa inaanza kusahau ilichofundwa. Mimi hapo ninauliza jambo moja: imesahau kiasi gani?"

Akagusa ukuta. Zikaja nyingine, zimepinda kidogo, zimesongamana, lakini bado mtu angesema ni ndugu wa zile za kwanza.

"Hizi ndizo zilizotoka kwenye kichupa. Zimekomaa vizuri. Yaani zimeharibika, lakini bado zinakumbuka kwao. Hizi hukua polepole. Zipo za wastani, zimesahau nusu. Na zipo zisizokomaa, hazifanani na chochote, hazina kazi ila kuzaana, na zina haraka. Nikisema zimekomaa vizuri nazungumzia tabia ya kansa, si umbali iliofika. Umbali tutaupima kwa picha nyingine. Ila kwa tabia, Hadia, katika habari mbaya hii ndiyo nzuri."

"Na nyuki?" Somoe akauliza. "Hakuiamsha?"

"Mama Hadia, nalisikia hilo kila siku. Wengi wanatujia ugonjwa umeshafika mbali. Nyuki anauma leo, mtu anafariki mwezi ujao, anayesingiziwa ni nani? Nyuki." Akavaa miwani, akasoma, akavua tena. "Kuna kitu kimoja kimenishangaza. Seli zimebeba masizi ya maganda ya korosho. Masizi ya zamani. Hadia, umewahi kubangua kwenye moto wa wazi?"

"Mimi? Kiwandani kwetu hata kibiriti hakiingii. Tunakamua mafuta ya maganda, tunatengeneza betri."

"Na marufuku ya moto wa wazi ilikuja kabla hujazaliwa."

Somoe aliyaona tena akilini yale mapipa ya zamani yaliyokatwa nusu, moshi mweusi wenye kuwasha, yeye msichana na kijiti mkononi akigeuza korosho, macho yanamtoka machozi. Alijua kichupa kile kimesema jina la nani. Mashine ya kusoma vipande haikulijua. Wazee wa uwanda walipoandikishwa walitaka watu wahesabiwe kwa upande wa mama, kama ilivyo desturi yao, na mashine ikafundishwa kuusoma ule mstari wa damu ambao mama humpa mtoto bila kuubadilisha. Kwa mstari huo Somoe na Hadia walikuwa kitu kimoja.

"Tuliendelea kwa kificho," Somoe akasema. "Baada ya marufuku. Nilikuwa nambeba mgongoni."

Hadia akamgeukia. Somoe akangoja hasira. Badala yake binti yake akaweka kichwa begani kwake.

"Hukujua, mama. Usijilaumu. Ulikuwa unanitafutia chakula."

Hapo ndipo Somoe alipolia, na daktari akampa maji, na wote wawili wakambembeleza kwa kosa ambalo hakulifanya.

*

Dawa ilikuja ndani ya mtungi wa kioo. Waliiita ukumbusho. Ilipikwa kutokana na kile kipande chenyewe, ikapewa somo la seli zile na si nyingine. Mgonjwa huvuta mvuke, na mvuke huzifuata zilizosahau na kuzirudisha kazini, moja moja. Kisha mgonjwa hupulizia pumzi ndani ya bilauri. Ikiwa dawa imekutana na seli inazozitafuta, bilauri hugeuka rangi ya chai ya rangi. Isipokutana nazo hubaki nyeupe.

Bilauri ya Hadia ilibaki nyeupe. Siku iliyofuata nyeupe. Na iliyofuata.

Kifua kikaanza kumbana. Dawa isiyozikuta seli zake huzisumbua zilizomo, na seli nzima za Hadia, zilizoijua kazi yao barabara, zilikuwa zinakumbushwa kazi ya mtu mwingine. Akawa anapanda ngazi mbili anapumzika.

"Mama," alisema siku moja akijipepea kwa kanga, "mgonjwa ni mimi, mbona wewe ndiye unayekonda? Hata kukohoa unanishinda. Nyuki alimwuma nani humu ndani?"

Alikuwa anatania. Somoe alitoka, akaenda kusimama nyuma ya jiko, akauma upindo wa kanga.

Ujumbe wa zahanati ukaja mchana huo: *Bilauri ikiwa nyeupe tena, kesho tutaongeza dawa mara mbili.*

Hadia alikuwa amekwenda kuoga. Mtungi ulikuwa mezani, mvuke kidogo umebaki. Somoe alikuwa bado na tumaini moja la kijinga, kwamba mashine imechanganya vichupa, kwamba kansa ile ni ya mtu wa mbali asiyemjua. Akafungua mtungi, akavuta. Akapuliza ndani ya bilauri.

Haikuchelewa. Rangi ilianza pembeni, ikaenea, ikakolea. Chai kabisa, chai ya kutiwa tangawizi.

Akaketi. Hakushtuka kuhusu nafsi yake, hilo alishangaa baadaye. Wazo lililomjia lilikuwa jingine, nalo lilikuja limevaa vizuri kama mgeni wa heshima. Bilauri hii aipeleke zahanati. Aseme ni ya Hadia. Hawataongeza dawa. Mtoto atapumua. Yeye mwenyewe atavuta mvuke kwa siri kila siku, bilauri ziende zikiwa na rangi, daktari afurahi, na asiwepo duniani wa kujua alichofanya. Nani ataumia?

Kivuli. Kivuli cha Hadia kilikuwa bado kimo pafuni, hakijasomwa na mtu. Labda si kitu. Labda kilikuwa kinasahau nusu, na kesho robo nyingine. Rangi ya chai ingekifunika vizuri sana.

Alikuwa bado ameshika bilauri, hajaamua, na hilo ndilo lililomtesa kuliko yote kwa muda mrefu, kwamba hakuwa ameamua, pale Hadia alipoingia na maji yakimdondoka nyweleni.

"Mama!" Akaziba mdomo, kisha akauzibua na kupiga kigelegele mpaka kikohozi kikamkata. "Imegeuka! Ile pumzi ya asubuhi imegeuka, angalia! Imezikamata! Mama, nilikuambia! Ngoja nimwite Bi Esha aje aone, na umbea wake wa nyuki."

"Kaa chini, Hadia."

"Nikae nini, mimi leo nacheza."

"Si yako."

"Si yangu nini?"

"Pumzi hiyo. Si yako, mwanangu. Ni yangu."

Hadia alisimama na tabasamu ambalo lilikuwa halijapata habari. Somoe akamweleza. Hakuficha foleni ya maji, hakuficha kuonja, hakuficha kichupa kilichojifunga wala mgongo ambao haukuwahi kubeba mtoto kwenye moshi. Alipofika kwenye bilauri na alichokuwa akikiwaza, akakisema nacho.

Hadia akauliza polepole, kama mtu anayepapasa gizani.

"Siku ile uliponiambia tayari."

"Ndiyo."

"Ukanifuta mdomo."

"Ndiyo."

"Mdomo wangu ulikuwa mkavu, mama. Nilijua mkavu. Nikasema labda ndivyo ilivyo, mama ananifuta tu." Akaichukua bilauri mkononi mwa mama yake, akaitazama kwenye mwanga. "Mimi nikakubembeleza. Kule kwa daktari. Nikakuambia usijilaumu."

"Nilitaka madhara yakukose."

"Na hayakunikosa." Akaiweka mezani kwa uangalifu, kana kwamba ndiyo iliyokuwa mgonjwa. "Vaa. Twende."

*

Daktari Mtipa aliwasikiliza akiwa amevua miwani, na kwa muda mrefu hakuivaa. Hakugomba. Somoe angependa agombe.

"Ukumbusho unasimama leo," alisema. "Kifua kitalegea chenyewe. Hadia, nitakuletea nyuki sasa hivi, hapa hapa."

"Nitashika kifuniko mwenyewe," Hadia akasema. "Na mama angoje nje."

Somoe alingoja nje.

Majibu yalipotoka waliitwa pamoja. Ukuta ulipowaka, Somoe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshaziona zile za kwanza na zile zake, akajua kutazama. Hizi zilikuwa zimevurugika. Hapa na pale moja ilijipanga kama zamani, lakini nyingi hazikuwa na ukoo, na kwenye pembe moja zilijazana bila mpaka, kubwa na ndogo, kila moja na njia yake.

"Wastani," daktari akasema. "Na pembe hii inaelekea kutokomaa. Hazijatoka nje ya pafu, picha imeonyesha. Tutalikata fungu hilo la pafu, kisha ukumbusho, safari hii wako mwenyewe. Nafasi ipo, Hadia. Sikudanganyi, ni ndogo kuliko ile niliyokupa mwanzo. Lakini ipo."

"Daktari," Somoe akasema. "Siku ile. Kama nyuki angemwuma yeye siku ile. Zingekuwaje?"

"Sijui."

"Zingekuwa zimekomaa? Kama zangu?"

"Pengine. Pengine zilikuwa hivi hivi tangu mwanzo, nyingine huanza na haraka yake. Kipande cha siku ile hakikuchukuliwa, Mama Hadia. Hakuna mashine ya kusoma kisichochukuliwa."

Angemwambia *wewe ndiye uliyezisahaulisha*, Somoe angelibeba. Angemwambia *huna kosa*, angejaribu kuamini. Neno lile la katikati halikuwa na mshikio. Alilizungusha huku na huku, kila upande lilimkata.

"Na wewe," daktari akaendelea, "dawa yako iko tayari. Imekuwa tayari muda wote huu."

"Mimi nisitibiwe kwanza. Mpaka yeye apone."

Hadia alikuwa akifunga viatu. Hakuinua kichwa. "Utatibiwa. Kesho asubuhi utakaa uvute mtungi wako mpaka uishe. Mimi sitaki kuzikwa, na sitaki kuzika. Usinibebeshe na hilo."

Ndivyo ikawa kwamba katika nyumba moja mama alianza kupata nafuu mbele ya macho ya mtoto. Bilauri zake zilikolea rangi, kisha zikafifia kadiri seli zilivyorudi kazini. Hadia alikatwa fungu la pafu, akarudi na kovu ubavuni, na bilauri zake zilikuja na rangi siku moja, siku ya pili hazikuja. Alimsalimu mama yake kila asubuhi, shikamoo yake kamili, kisha hakuongeza neno. Alipopewa chakula alishukuru. Alipopewa dawa aliinusa mwenyewe kwanza.

Siku Hadia aliporudishwa zahanati kwa kipimo cha pili, Somoe alichukua ubao na rangi, akaenda kwenye nyavu za umande. Hakuwa na shule nyingi, herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala upande mmoja. Aliandika bila kumwomba mtu ruhusa, ndoo za watu zikimngoja apishe. Esha akasogea, akasoma akifuata kwa kidole, midomo inacheza.

"Mama Hadia. Hapa juu unanisema mimi?"

"Wewe ulisema tu, shoga. Aliyefanya ni mimi." Akapigilia msumari wa mwisho, akapisha foleni.

Ubao ulisema:

MAMA, EPUKA HAYA

Usichukue habari ya ugonjwa kwa mtu asiyeusomea.

Usikatae kipande kuchukuliwa. Kisichochukuliwa hakisomeki, na siku ile hairudi.

Usionje dawa wala kifaa cha mgonjwa. Andika jina lake, mpe yeye.

Usikubali kuambiwa "ni kansa" ukaondoka. Uliza seli zimekomaa kiasi gani, na uliza ugonjwa umefika wapi. Ni maswali mawili, si moja.

Usimjibu daktari uongo kuhusu moshi uliouvuta.

Usipuuze kikohozi chako kwa sababu una mgonjwa ndani.

Usimwamulie mtoto mzima akiwa amelala.

Ukishakosea, usingoje kwanza ujue kama utasamehewa. Sema, mtoto atibiwe. Msamaha una siku zake, na huenda usije.